Gari Lililokataa Kushika Mwendo

Mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, nyie mlioachiwa gereji ya Ngokolo, na mimi nikakubali kabla sijajua nimekubali nini. Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni, na kila nikiitazama najiuliza mtu aliyestaafu anawahi wapi. Kama mnategemea kupata hapa siri za ufundi umeme wa magari, poleni. Kitu nilichokuwa nacho kwa wingi miaka yote ile ni kutoelewa. Nimefungua magari nisiyoyaelewa, nikayafunga, yakawaka, nikapokea asante nyingi huku nikijiuliza nimefanya nini.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, hapa hapa Shinyanga, msimu wa pamba umepamba moto na malori yamejaa uwanja mzima. Fundi mkuu wa umeme alikuwa Mzee Ng'wandu, mtu mfupi asiyekosa njiti ya kiberiti mdomoni. Alinionyesha lori moja akasema, "Hilo likikata kona kushoto linapiga honi lenyewe. Litulize." Akaenda zake. Nilishinda na lile lori mchana kutwa. Nilipima, nikafungua, nikafunga, nikachanganyikiwa hadi nikaanza kuona kosa ni la kona. Jioni Mzee Ng'wandu alirudi, akapeleka mkono chini ya usukani, akavuta waya uliochubuka, akauzungushia utepe mweusi, kazi ikaisha. Nilimuuliza amejuaje. Akasema, "Sikujua. Nimeanzia pale ambapo mikono yako haijaacha mafuta."

Yeye ndiye aliyenitengenezea testa yangu ya kwanza, ile balbu ndogo ya indiketa yenye nyaya mbili, ambayo mmekuwa mkiicheka. Yeye pia ndiye aliyenifundisha desturi niliyowalazimisha wote: mwenye gari asikae karibu wakati wa kupima. Mwenye gari akiwepo, alisema mzee, anakutajia ugonjwa, na wewe unaanza kuutafuta huo huo. Aende akanywe chai. Fundi apime peke yake, aendeshe peke yake, asikilize peke yake. Ndiyo maana mama lishe wa ng'ambo ya barabara ametajirika kwa wateja wetu.

Kutoka kiwandani nilikwenda Maganzo, kwa wachimbaji wadogo wa almasi. Huko kazi ilikuwa pampu za kutoa maji mashimoni na magari ya madalali. Dalali mmoja alinisumbua kweli. Bateri yake ilikuwa inakufa kila mara. Nilibadilisha altaneta, nikapima waya mmoja mmoja, nikamshauri anunue bateri mpya, akanunua, nayo ikafa. Asubuhi moja nikiwa napita nyuma ya stendi kutafuta vitumbua, nilimkuta amelala ndani ya gari, miguu iko dirishani, redio inaimba. Kumbe mkewe alishamtimua nyumbani. Nikamwambia, "Bosi, hii redio ndiyo inakula bateri." Akajifunika shati usoni. "Sasa ningekuambiaje, Fundi?" Nilicheka njia nzima. Mtu mwenye akili angejifunza kitu siku ile. Mimi nilinunua vitumbua vyangu nikarudi kazini.

Baada ya hapo nilikaa ukanda wa dhahabu, Geita na Katoro, nikihudumia makarasha, yaani mashine za kusaga mawe. Kule vumbi linaingia hata kwenye yai. Nilijifunza kupuliza kila soketi kabla ya kuilaumu, na huo ni ushauri wa bure, uchukueni. Kisha nikarudi Shinyanga nikafungua gereji hii pamoja na Hamisi, aliyekuja kutoka Kigoma kutafuta dhahabu na kuambulia mimi.

Magari ya haibridi yalipoanza kuingia mjini, yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, nilirudi kuwa kijana wa siku ya kwanza. La kwanza mwenyewe aliliacha uwanjani akanipa ufunguo akaenda kwenye chai yake. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha: kimya. Nikabonyeza tena, na mara ya tatu: kimya. Nikamwambia Hamisi alete bateri ya kuamshia, gari la watu limekufa mikononi mwangu. Hamisi alipokuwa anakuja nayo kifuani, injini ikanguruma yenyewe bila kuguswa na mtu. Hamisi aliitupa bateri akataja jina la Mungu. Kumbe gari lilikuwa linawaka na kuzimika kila nilipobonyeza, ila lilikuwa haliongei. Mpaka leo sijazoea. Gari linapaswa kusema kama liko hai.

Sasa nije kwa Mama Masalu, maana najua ndiye mnayetaka habari zake.

Mama Masalu ni mjane wa hapa Ngokolo, rika langu, muuza mchele. Alikuwa anaununua hapa mjini, analaza viti vya nyuma vya kigari chake cha haibridi, anapakia, anaupeleka Katoro kwa mama lishe wanaowapikia wachimbaji. Aliendesha mwenyewe. Zamani alikuwa na pikapu ya gia za mkono, ikachoka, akanunua hicho kigari kwa sababu hakinywi mafuta. Alikuja gerejini siku ya Jumatatu, akashuka polepole ameshikilia mlango.

"Mwangaluka, Baba Kulwa," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Masalu. Habari za Katoro?"

"Katoro ipo. Mimi ndiye naisha." Akapiga paja la mguu wa kulia. "Goti hili. Nikifika Kahama limeshachoka kukanyaga mafuta. Na Masalu ameniona nachechemea."

Masalu ni mwanawe, anafanya kazi Mwanza. Alikuwa amempigia simu mama yake na kumwambia kwamba Jumamosi anakuja kuchukua gari, atalitafutia dereva, na mama apumzike. Mama Masalu alilitamka neno apumzike kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali wake mwenyewe.

"Nimemwomba anipe nafasi moja. Nimemwambia kuna kitu kinafungwa, gari linashika mwendo lenyewe, mguu unakaa pembeni. Akija nikimwonyesha linafanya hivyo, ananiachia. Nisipomwonyesha, anachukua ufunguo. Baba Kulwa, mimi nikikaa ndani natazama ukuta, nakufa. Sikutanii."

Akafungua mkoba akatoa kijiti cheusi chenye kitufe kwenye ncha. Ilikuwa swichi ya kruzi, kile kifaa cha kushikilia mwendo. Aliipata kwa wauza magari yaliyokatwa vipande, imetoka kwenye gari la aina yake. Mimi kazi hiyo nilikuwa sijawahi kuifanya. Nikamwambia hakuna shida, kama mafundi wote wanavyosema wakiwa na shida.

Kwa faida yenu nitaeleza kazi yenyewe. Unatoa nyaya za bateri ndogo, halafu unakwenda kunywa chai taratibu, maana mfuko wa hewa ulio kwenye usukani unabaki na umeme wake kwa muda, na ukiuchokoza unakupasukia usoni. Testa usiisogeze kabisa kwenye soketi za njano za mfuko huo. Nyaya nene za rangi ya machungwa hazituhusu, tuziache na bateri yao kubwa. Ukitoa mfuko, nyuma ya usukani unakuta nafasi ya swichi ipo tayari, na matundu ya skrubu yapo. Waliolitengeneza waliandaa kila kitu kisha wakaamua mnunuzi huyu hastahili. Kwenye gari la Mama Masalu soketi ilikuwepo, lakini waya mmoja wa kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari haukuwepo. Ilibidi tuupitishe sisi, mimi nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi na Hamisi akinimulikia sehemu zote isipokuwa ile ninayoifanyia kazi.

Tulipofunga na kubonyeza kitufe, taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Hamisi akanipa mkono. Nililipeleka gari barabara ya Tinde peke yangu, nikafikisha mwendo, nikashusha kijiti, alama ya pili ikatokea kando ya ile taa, nikaondoa mguu. Gari likaendelea. Jamani! Nilikaa na mguu wangu hewani nisijue niuweke wapi. Nikigusa breki, alama inazimika na gari linarudi mikononi mwangu, kama inavyotakiwa. Nilirudi nikiwa najiona mtu mkubwa.

Mama Masalu alilichukua, na kesho yake asubuhi akarudi.

"Haishiki."

"Haishiki vipi?"

"Nashusha kijiti, alama inatokea, kabla sijatoa mguu imeshapotea."

Nikampeleka kwa mama lishe, nikaenda nalo Tinde. Ikashika. Nikamrudishia. Mchana akarudi: haishiki. Nikafungua usukani upya, nikapuliza soketi, nikaenda nalo. Ikashika. Nikamrudishia. Jumatano akarudi, safari hii hakunisalimu hata kwa Kiswahili. Tuliunganisha mashine ya kusomea makosa, ikaandika kwamba gari halina kosa lolote. Hamisi alisema huenda ni uzito wa mchele, nikapakia magunia nikaenda nayo, ikashika. Nikasema huenda ni joto, nikaenda jua la saa saba, ikashika. Mama lishe alinivuta pembeni akaniambia marehemu mume wa Mama Masalu hakupenda mkewe aendeshe, na mambo hayo yapo. Siamini hayo. Lakini nawaambia ukweli, jioni ile nilikuwa nimefika mahali pa kumsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo gari ni langu au ni lako?" Mama Masalu aliniuliza. "Maana wewe linakutii."

"Sielewi, Mama Masalu."

"Nami Jumamosi nimwambie Masalu hivyo? Fundi haelewi?"

Iliniuma. Usiku nilijigeuza kitandani nikipitia nyaya zote kichwani, na asubuhi nikaamua kufanya kitu ambacho Mzee Ng'wandu angenifokea. Mama Masalu alipoleta gari sikumwelekeza kwenye chai. Nilimwambia aendeshe yeye, mimi nikae pembeni. Nilifunga testa kwenye waya wa swichi ya breki, balbu nikaibandika kwa utepe juu ya dashibodi, upande wangu. Breki ikikanyagwa, balbu inawaka. Nilitaka kuona kama swichi hiyo inaidanganya kruzi kwamba breki imekanyagwa.

Tulipita Tinde, tukashika barabara ya kwenda Isaka, nyeupe na tupu. Akashusha kijiti. Alama ikatokea. Balbu yangu ikawaka, na alama ikapotea.

"Umekanyaga breki," nikasema.

"Sijakanyaga."

Akarudia, na balbu ikarudia. Nilifurahi sana, nikajua swichi ni mbovu, kitu kidogo, tumemaliza. Nikainama kuiangalia pale juu ya pedali. Hapo ndipo nilipouona mguu wa kushoto. Ulikuwa umekaa juu ya breki kwa wepesi kabisa, haupunguzi gari mwendo, unatosha tu kuiamsha swichi.

Nilicheka kwa nguvu. "Mama Masalu, hii siyo ile pikapu! Huku hakuna klachi. Huo mguu wa kushoto hauna kazi, urudishe nyuma. Breki ni ya mguu wa kulia."

Hakucheka.

"Simamisha kidogo kwa kulia, uone," nikaendelea na ujinga wangu.

Aliubana usukani. Nikaona paja la kulia linajaribu kunyanyuka, na ile raba aliyoifunga kamba kwa kukaza ikaburuta, ikakwama ubavuni mwa pedali. Gari liliendelea kwenda. Kisha mguu wa kushoto ukakanyaga, tukasimama kando ya barabara.

"Siyo goti," nikasema.

"Siyo goti." Alikuwa anatazama mbele. "Ni sukari. Mguu siusikii tangu masika. Nauweka kwenye mafuta kwa mkono, halafu nauacha hapo. Kwenye pikapu nilikuwa nasikiliza injini, najua nimekanyaga kiasi gani. Hili gari haliongei, Baba Kulwa. Linazima injini, linawasha, linazima. Sijui mguu unafanya nini mpaka nitazame namba. Ndiyo maana nikataka kruzi."

Siku zote nilikuwa natafuta kosa kwenye nyaya, na nyaya hazikuwa na kosa. Na sasa nilipolijua kosa, nilichanganyikiwa kuliko nilipokuwa silijui.

"Hiyo swichi ya breki si inasogezwa?" akauliza. "Isogeze kidogo, isiusikie mguu mpaka nikanyage kweli. Kruzi itashika. Masalu ataona."

Mnaifahamu ile swichi, ni kuizungusha kidogo tu. Niliwaza watoto wa shule wanaovuka pale Tinde, na ng'ombe wanaoswagwa kando ya lami. Nikamwaza na yeye, ameketi anatazama ukuta.

"Inasogezwa," nikasema.

"Basi isogeze."

"Siisogezi, Mama Masalu."

"Kwa nini? Si umesema inawezekana?"

"Sijui. Siisogezi tu." Sauti ilinitoka vibaya. Niliogopa, na nilimwonea huruma, na nilimkasirikia kwa kuniweka pale, vyote kwa pamoja.

Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Barabara ilikuwa imenyooka, hakuna mtu wala mfugo hadi mwisho wa macho.

"Basi niache niione ikishika," akasema. "Mara moja. Nikiwa mimi naendesha."

Nilipaswa kukataa. Nikasogeza mkono karibu na usukani nikasema haya. Akasukuma goti la kulia kwa kiganja, gari likaondoka, likaongeza mwendo. Akashusha kijiti. Kisha akaurudisha mguu wa kushoto chini ya kiti, akaunyanyua wa kulia kwa mkono, akauweka pembeni. Balbu yangu haikuwaka. Alama ikabaki. Gari likaenda lenyewe, kimya kama kawaida yake, na yeye ameshika usukani kwa mikono miwili, amenyooka, machozi yanamtiririka na meno yote nje.

"Inashika!" alipiga kelele. "Baba Kulwa, inashika!"

"Inashika," nikasema.

Mbele kabisa ng'ombe wakaanza kuingia barabarani. Sikumwambia kitu. Aliwaona mapema, akakanyaga breki kwa kushoto, alama ikazimika, akaliegesha gari taratibu kuliko ninavyoegesha mimi. Akafungua mlango, akazunguka kwa mbele huku mkono ukitambaa juu ya boneti, akaja upande wangu.

"Hama," akasema. "Turudi nyumbani."

Jumamosi Masalu alifika gerejini na mama yake. Ni kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo kabla ya kushuka vizuri. Alikuwa amejiandaa kubishana, ilionekana. Lakini mama yake alimwekea ufunguo mkononi kabla hajafungua mdomo.

"Kwani imeshindikana, Mama?"

"Imewezekana. Muulize fundi."

Masalu akanigeukia. "Imewezekana, Mzee?"

"Imewezekana," nikajibu.

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Niliuona ule uso, naujua, nimeuvaa miaka yote ya kazi yangu.

"Sasa kama imewezekana, ufunguo wa nini?"

Mama Masalu aliketi kwenye benchi letu la wateja, akanyoosha mguu wa kulia mbele. "Njoo univue hii raba. Kuna kitu nataka ukione."

Masalu akapiga magoti pale chini penye oili, na suruali yake nzuri. Akafungua kamba, akaivua raba, akaivua na soksi. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda kikubwa kimechimbika, na ndani yake kipande cha kokoto. Aliiweka raba kando, akashika kile kisigino kwa mikono yote miwili.

Mama yake alikuwa anatazama magari yanavyopita barabarani.

"Ivue hiyo raba basi," akasema. "Unasubiri nini?"